Muda wa Haki

Yasinta Tluway alivuka mstari peke yake. Nyuma yake palibaki nafasi ya kupitisha mkokoteni wa ng'ombe bila kumgusa msichana wa pili. Watu wa upande wa jua walisimama wote, vigelegele vikapigwa, na mzee mmoja ambaye hata hamfahamu akavua kofia akairusha juu. Mwalimu Boay, aliyemfundisha kukimbia tangu akiwa kidato cha kwanza, hakusimama. Alibaki kwenye ngazi ya saruji, kashika tama, macho kwenye ubao.

Zamani aliyetangulia ametangulia, mjadala umekwisha, watu wanakwenda kunywa soda. Siku hizi sivyo. Tangu Baraza la Mchujo lilete Mizani, mkimbiaji huvuka mstari mara mbili: kwanza kwa miguu yake, halafu kwenye ubao. Muda wa miguu unaitwa muda ghafi, kama vile ni mpunga usiokobolewa. Muda wa ubao unaitwa muda wa haki, na huo ndio unaompeleka mtu kambi ya taifa au kumrudisha kwao.

Yasinta alikuja hadi kwenye uzio, kifua kinapanda na kushuka, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kibandiko cha rangi ya ngozi kilichokuwa juu ya mkono wake, karibu na bega.

"Mwalimu, mbona umekaa?"

"Ngoja kwanza, mwanangu."

"Nimewaacha mbali."

"Nimeona. Ngoja ubao."

Kibandiko hicho alikuwa nacho mwezi mzima, kama wakimbiaji wote wa mchujo. Kidude chenyewe ni chepesi kama ganda la kitunguu, lakini hakuna mmbea wa kukifikia. Kinajua umelala saa ngapi na umeshtuka mara ngapi. Kinajua sukari imeingia lini kwenye damu, na kama ni ya uji mtupu au ya wali kwa nyama. Kinajua unaishi mwinuko gani. Hata mzigo wa kichwani kinaujua, kwa jinsi uti wa mgongo unavyotikisika unapopanda nao mlima. Ukikibandua kinajua, ukimbandika mwenzio kinajua damu si yako. Mwezi ukiisha, Mizani hujumlisha yote. Aliyeishi kwa raha huongezewa sekunde, aliyeishi kwa taabu hupunguziwa, ili mtoto wa nyumba ya vigae na mtoto wa nyumba ya udongo wafike mstarini wakiwa sawa.

Hebu niambie, nani angekataa jambo kama hilo? Mizani ilipoanza, watu wa milimani ndio walioshangilia kuliko wote. Miaka nenda miaka rudi watoto wao walikuwa wakishuka bondeni na raba zilizotoboka, wanapigwa na watoto wenye daktari wa misuli na viatu vinavyoruka vyenyewe. Siku tangazo liliposomwa, Mwalimu Boay alicheza ofisini mpaka mkuu wa shule akamwambia atavunja meza. Waliambiwa kwamba wanaoishi juu wataongezewa sekunde kidogo kwa sababu ya hewa yao nyembamba, inayokomaza mapafu. Wakakubali. Haki ni haki, na taabu zao zilikuwa za kutosha kuifuta nyongeza hiyo na chenji ikabaki.

Ubao ukawaka. Jina la Yasinta lilikuwa juu kabisa, na pembeni yake muda ghafi. Halafu mistari ikaanza kujiandika polepole, mmoja baada ya mwingine, maana watengenezaji wa ubao ule waliona raha kuwaweka watu roho juu. Nyongeza ya mwinuko: ipo. Punguzo la taabu: hakuna. Nyongeza ya matunzo: ipo, na si ndogo. Jina likashuka hadi la pili. Likatulia hapo kidogo, Mwalimu akaanza kuomba kimoyomoyo, kisha likashuka hadi la tatu na kukaa.

Wanaokwenda ni wawili.

"Matunzo?" Yasinta aliuliza. Alisoma tena, midomo ikicheza. "Matunzo gani, Mwalimu?"

Mwalimu Boay alilijua jibu tangu mwezi uliopita. Ndilo lililomkalisha chini.

*

Kule Endasilay, kijijini kwao, mtu aliyebeba jambo la wote hutunzwa kama mzazi aliyejifungua juzi. Hachoti maji, hakati kuni, hapiki. Majirani hugawana kazi zake bila kuitana mkutano. Walimfanyia hivyo kijana aliyekwenda kusomea udaktari, wakamfanyia hivyo mwenyekiti siku za kesi ya mpaka, na Yasinta alipobandikwa kibandiko, wakaona zamu yake imefika.

Kwa kawaida Yasinta ndiye punda wa nyumba yao. Baba hayupo, mama kifua kimemlemea, wadogo zake wanne wanamtegemea yeye. Maji yako chini mtoni, na kutoka mtoni hadi kwao ni mlima wa kukatisha pumzi hata kwa mbuzi. Alikuwa akipanda na ndoo asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya mazoezi. Hiyo ndiyo iliyompa miguu ile. Darasani hakuwa na lake. Hesabu zilishamkataa mapema na kiingereza kikafuata. Alikuwa kidato cha nne na hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Anayepita mchujo huchukuliwa kambi ya taifa, anasomeshwa huku anakimbia. Asiyepita, mlima wake anaujua.

Basi mwezi ule ndoo yake haikuonekana mtoni. Mama Lohay, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, ndiye aliyeshika usukani. Huyu alete maziwa, yule kuni, fulani awaogeshe wadogo zake. Godoro likaazimwa kwa katekista.

Mwalimu Boay alijaribu. Mungu anamwona, alijaribu. Aliwakuta wanawake nje ya kanisa Jumapili, akawaeleza kwamba hicho kidude kinatafuta taabu, na kisipoiona kitadhani haipo.

"Mama zangu, nawaomba. Mwacheni aishi kama kawaida yake."

Walimtazama kama mtu aliyesema mtoto anyimwe chakula.

"Mwalimu," alisema Mama Lohay, "hicho si kinaripoti serikalini?"

"Kinaripoti, ndiyo."

"Basi ni mgeni. Mgeni akija unafagia uwanja, unaazima kikombe kizuri kwa jirani. Wewe unataka akute mtoto wetu analala na njaa, halafu aende akatuseme huko bondeni? Funika kombe mwanaharamu apite."

Wenzake wakaitikia kwamba amesema kweli. Ungewaambia nini? Kwamba wasimpende kwa mwezi mmoja, halafu wamrudie? Mwalimu alirudi nyumbani akamkuta mkewe anafunga mayai kwenye kitambaa.

"Ya nani hayo?"

"Ya Yasinta. Au na mimi unanikataza?"

Hakumkataza. Alijifariji kwamba mashine yenye akili kiasi kile itaona miguu ya msichana na kujua imetoka wapi. Lakini Mizani iliambiwa ipime mwezi, ikapima mwezi.

*

Uwanjani, msichana aliyekuwa wa kwanza kwenye ubao hakuwa akishangilia. Aliitwa Careen Mushumbusi, wa shule ya bweni ya mjini, mrefu, mpole, na alikuja pale kwenye uzio taratibu kama anayekwenda msibani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hongera, binti."

"Usinipe hongera." Akamgeukia Yasinta. "Wewe ndiye wa kwanza. Mimi nimeona mgongo wako tu."

Yasinta alikuwa anatazama mikono ya mwenzake. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka na kufanya gamba.

"Umefanya nini?"

"Ndoo," alisema Careen. "Tulipelekwa kambi ya dhiki. Mwezi mzima tunalala chini, tunakula uji, tunapandisha maji kilimani na kuyamwaga juu. Kuna mkufunzi kabisa wa ndoo. Nilikuwa nalia kila siku nikimpigia baba simu, akaniambia nivumilie, mwezi ni mwezi."

"Mnayamwaga?" Yasinta aliuliza. Katika yote aliyosikia, hilo ndilo lililomshangaza zaidi.

"Tunayamwaga, tunashuka tena."

"Kwenu hakuna maji?"

Careen aliinamisha kichwa. "Yapo mpaka bustanini."

Mwalimu Boay alitaka kumchukia mtoto yule, ingemsaidia kidogo. Hakuweza. Na sheria hakuvunja. Mwezi wa Mizani ni mwezi wa Mizani, na taabu aliyoipata ilikuwa taabu kweli, viganja ni shahidi. Yasinta alimshika mkono mmoja, akaugeuza kwenye mwanga.

"Paka mafuta ya ng'ombe," alimwambia. "Usipasue haya yaliyobaki."

*

Hema la rufaa lilikuwa nyuma ya choo cha uwanja. Ndani palikuwa na meza, feni, na kijana mmoja wa Baraza aitwaye Kihwelo, mwenye macho ya mtu ambaye ametukanwa tangu asubuhi. Aliwapa viti wote wawili, jambo ambalo Mwalimu hakulitegemea.

"Mzee wangu, nimeshaangalia," alisema Kihwelo. "Mizani haikukosea. Binti huyu mwezi mzima hajabeba hata ukuni. Asubuhi maziwa, jioni nyama au mayai. Amelala vizuri kuliko mimi."

"Hayo si maisha yake."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nimezaliwa Makete, milimani kama ninyi, Mwalimu. Naiona miguu yake. Nimeyaona mapafu yake kwenye kioo cha kompyuta hapa. Mtu hapati mapafu haya kwa kunywa maziwa."

"Basi andika hivyo."

"Niandike wapi?"

Akageuza kioo kuelekea kwao. Palikuwa na picha ya Yasinta, tarehe za mwezi, na chini vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa mwezi wa kweli. Cha pili kiliandikwa mwezi uliochezewa.

"Nikibonyeza hiki cha pili," alieleza Kihwelo, na sauti akaishusha ingawa hemani hakukuwa na mtu mwingine, "Mizani inautupa mwezi huu. Inachukua vipimo vya afya vya shule vya mwaka jana. Nimevichungulia. Anarudi wa kwanza, tena kwa mbali. Kesho anapanda basi la kambi."

Mwalimu Boay akasogea mezani. "Si ubonyeze?"

"Kuchezea Mizani ni kosa, Mwalimu. Nitahitaji majina ya waliochezea, na wewe uyataje kwa sauti, kinarekodi. Watatangazwa wilayani kama wadanganyifu. Na shule inafungiwa mchujo miaka mitatu."

"Kuchezea maana yake nini?" aliuliza Yasinta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu waingie.

"Kula njama ili kuidanganya Mizani."

"Lakini wao wamenipa hasara."

Kihwelo alikuna shingo. "Iwe faida, iwe hasara, kitufe ni hicho hicho, dada yangu. Aliyeitengeneza hakufikiria kwamba kuna watu watajidanganyia hasara."

Feni ilikuwa inazunguka na kupiga kelele. Mwalimu Boay alifikiri haraka, kama mtu anayezima moto kwa mikono. Majina aliyajua yote. Mama Lohay. Bi Gurti wa kuni. Katekista na godoro lake. Mkewe mwenyewe na mayai yake. Wote wasomwe kwenye redio ya wilaya kama wezi, na wengine hata hawajui Mizani inafananaje. Na miaka mitatu. Kulikuwa na mtoto kidato cha pili, Dahaye, mwenye mwendo mrefu wa ajabu, ambaye alianza kumnoa mwaka huu. Kulikuwa na wawili wengine nyuma yake. Miaka mitatu ingewameza wote. Lakini hao hawakuwepo hemani. Aliyekuwepo ni Yasinta, na nguo zake bado zilikuwa zimelowa jasho la kushinda.

Akamgeukia msichana, na wakati anageuka alijua anachofanya, akajionea aibu: alitaka msichana ndiye aubebe uamuzi.

"Unasemaje, Yasinta?"

Yasinta alikuwa anatazama kitufe cha pili. "Mama Lohay alikuwa ananikanda miguu kila jioni kwa maji ya moto," alisema. "Na yeye kupiga magoti hawezi. Alikuwa anakaa chini kabisa, halafu tunamwinua watu wawili. Utamtaja na yeye?"

"Nitamtaja. Ndiye wa kwanza."

"Atasomwa redioni?"

"Atasomwa."

Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke. "Usiniulize mimi, Mwalimu. Nikisema wataje nimewauza. Nikisema usiwataje nimejifungia mlango mwenyewe. Wewe ndiye mkubwa, wewe sema. Mimi kazi yangu ilikuwa kukimbia, na nimekimbia."

Kweli alikuwa amekimbia. Kila mtu mzima uwanjani pale alikuwa ameshindwa kazi yake isipokuwa yeye.

Kihwelo akakohoa na kusema nje kuna foleni. Mwalimu Boay akajaribu njia nyingine, ya mwisho, ambayo aliijua haipo.

"Huwezi kuandika tu kwamba walimpenda?"

"Hakuna pa kuandika, mzee wangu. Ningekuwa na mahali ningeandika."

"Basi," alisema Mwalimu, na sauti ilikuwa kama ya mtu mwingine. "Ulikuwa mwezi wa kweli. Hawakucheza na kitu. Yote waliyomfanyia waliyafanya kweli."

Kihwelo alisubiri kidogo, labda Mwalimu abadili mawazo. Kisha akabonyeza kitufe cha kwanza. Kioo kikafuta picha ya Yasinta na kuleta ya mtoto mwingine, mvulana wa kuruka juu kutoka shule nyingine kabisa.

"Poleni," alisema Kihwelo. Alisimama kuwaaga, akampa Yasinta mkono kwa mikono yote miwili.

Kama alifanya sawa, Mwalimu Boay hakujua. Njia nzima ya kurudi alijiuliza. Alipojiambia ndiyo, alimwona Yasinta kando yake amelalia dirisha bila usingizi. Alipojiambia hapana, alisikia redio inasoma jina la mkewe.

*

Wanawake walikuwa wanawangoja barabarani. Redio ilikuwa imetangaza mbio moja kwa moja, na mtangazaji alipiga kelele Tluway, Tluway, mpaka sauti ikamkauka. Hayo ya ubao yalikuja baadaye, wakati wao wameshazima na kushika ngoma. Vibuyu vya maziwa vilikuwa tayari. Mama Lohay alikuwa mbele, fimbo mkononi, kitenge cha sikukuu.

Yasinta alishuka, akawaamkia wote, akapokea maziwa, akanywa. Kisha akasema anaumwa kichwa, akapita katikati yao kwenda kwao. Nyimbo zikakatika moja moja.

"Kashinda au kashindwa?" aliuliza Mama Lohay.

Mwalimu Boay alikuwa ametunga maneno ya kuzunguka, akayasahau yote. Akawaeleza kama ilivyo. Ubao, nyongeza, matunzo. Alipofika kwenye hema na vitufe aliruka, kwa sababu hakutaka wajue kwamba palikuwa na njia na njia yenyewe ni kuwataja wao. Bi Gurti alikaa chini palepale vumbini.

"Subiri," alisema Mama Lohay. "Nieleweshe, maana mimi sikusoma. Maziwa yangu yamehesabiwa?"

"Yamehesabiwa, Mama."

"Na kumkanda?"

"Usingizi wake ulikuwa mzuri. Huo umehesabiwa."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemshinda mtoto."

Mwalimu alipaswa kusema hapana. Watu wenye roho nzuri wangesema hapana hata kama si kweli. Lakini alikuwa ametoka kusema ukweli mmoja siku ile ukamgharimu, na sasa uongo ulikataa kutoka. Mama Lohay akaelewa.

"Tumefundishwa wema hauozi," alisema yule mama, taratibu, akiwatazama wenzake mmoja mmoja. Halafu akajikongoja kwenda kwake, na akina mama wakavunja ngoma yao wakaondoka bila kuagana.

*

Wiki chache baadaye Yasinta alianza vibarua kwenye mashamba ya vitunguu saumu. Alikuwa anapalilia tangu asubuhi na hakuwa mtu wa kulalamika, na jambo hilo lilimuumiza Mwalimu kuliko kama angemtukana. Kila walipokutana njiani aliamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikia, na kila mmoja akashika njia yake.

Mchujo ukazunguka tena. Sasa zamu ilikuwa ya Dahaye, kidato cha tatu, mwembamba kama ufito, na mwendo wake ulikuwa umekomaa. Safari hii Mwalimu Boay hakwenda kanisani kumwomba mtu chochote. Kijiji kilikuwa kimeshakutana bila yeye. Alisikia kwa mkewe tu: kwamba hakuna wa kugusa ndoo ya Dahaye, hakuna wa kupeleka yai, na anayeonekana kwenye uwanja wao na mzigo wa kuni atajibu kwa Mama Lohay.

"Amesema hivyo Mama Lohay?"

"Yeye mwenyewe. Amesema mwaka huu tutampenda kwa akili."

Ingekuwa nafuu kama ingekuwa mwezi wa kawaida. Lakini mama yake Dahaye aliteleza shambani akavunjika mguu, wiki ileile kibandiko kilipobandikwa. Mwaka mwingine wowote nyumba ile ingejaa watu mpaka wakose pa kukaa. Sasa njia ya kwenda kwao iliota majani. Mgonjwa alilala ndani akisikia majirani wakipita nje, wakipunguza mwendo, halafu wakiuongeza. Hakuna aliyemwendea kumweleza sababu, kwa kuogopa kwamba hata kumweleza ni matunzo.

Jioni moja Mwalimu Boay alikuwa anapanda kutoka mtoni akawakuta akina mama wamesimama kwenye kona ya juu, pale njia inapokaza. Mama Lohay na fimbo yake, Bi Gurti, mkewe mwenyewe, na Yasinta aliyetoka shambani na jembe begani. Walikuwa wanatazama chini. Akageuka kutazama wanachotazama.

Dahaye alikuwa anapanda na ndoo kichwani na mdogo wake mgongoni. Mazoezi ya siku ile yalikuwa makali, Mwalimu alijua, ndiye aliyeyatoa. Mtoto alikuwa anapanda hatua mbili, anasimama, anapanda. Alipowakaribia, utelezi ukamchukua. Akawahi kumkinga mdogo wake, ndoo akaiacha iende, na maji yote yakashuka mlimani.

Mama Lohay alitoka mbele. Ilikuwa hatua moja tu, pamoja na magoti yake yasiyokunjika, mkono ameshaunyoosha. Yasinta akamdaka kwa kitenge, akamshika kwa nguvu.

"Mwache, Bibi," alisema. "Mwache apite."

"Ameumia, Yasinta. Ona goti lake."

"Nimeliona."

Mwalimu Boay alikuwa karibu kuliko wote. Angeinama tu, ndoo ilikuwa imeangukia mbele ikagonga kiatu chake. Alihisi mikono yake inavyotaka kushuka, akaificha nyuma kama mwanafunzi anayengoja kuchapwa. Akajua kwamba hata kumtazama sana hakufai, maana mtoto akitazamwa kwa huruma moyo hutulia, na huenda kidude kinajua hilo pia.

Dahaye alisimama. Alimfunga vizuri mdogo wake, akaja akaokota ndoo miguuni pa Mwalimu, akainua uso na kuwaona wote wamejipanga pale juu, watu wazima watupu, mikono mitupu. Alisubiri kidogo. Mtoto wa watu hakuwa amefundishwa kuomba.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," waliitikia wote kwa pamoja, kwa sauti ndogo, na hicho tu ndicho walichoweza kumpa.

Akageuka, akateremka tena mtoni.